Namba za Nukta Elea na Kumbukumbu ya Kompyuta: Mfano wa Milima ya Usambara

Namba yenye desimali huhifadhiwa ndani ya kompyuta katika idadi maalumu ya biti, na idadi hiyo hupangwa kabla namba yenyewe haijajulikana. Anayeandika kwa kalamu anaweza kuongeza tarakimu mpaka karatasi iishe. Kompyuta hutenga baiti 2, 4 au 8, na kisichoenea humo hukatwa. Mfumo unaotumika karibu katika kila kompyuta ya leo ni wa namba za nukta elea, uliowekewa kanuni na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 1985 chini ya namba 754, kisha ukarekebishwa mwaka 2008 na mwaka 2019. Mwanahisabati William Kahan, aliyeongoza fikra za kanuni hiyo, alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1989.

Katika biti hizo, moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi, kadhaa hubeba kipeo cha 2, na zilizobaki hubeba tarakimu zenyewe. Namba ya usahihi maradufu ina biti 64, na tarakimu zake ni kama zimebebwa na biti 53, kwa kuwa ya kwanza huwa 1 kwa kawaida na haihitaji kuandikwa. Kwa hesabu ya desimali hizo ni tarakimu 15 za kutegemewa. Namba ya usahihi wa kawaida ina biti 32, ambapo 24 ni za tarakimu, nazo hutoa takriban tarakimu 7 za desimali. Ya usahihi nusu ina biti 16 na tarakimu 3 tu za kutegemewa.

Jambo la kushika mapema ni kwamba namba hizi hazikupangwa kwa nafasi sawa. Kati ya 1 na 2, namba za biti 32 zimeachana kwa pengo la takriban 0.00000012. Kati ya 2 na 4 pengo huwa maradufu, kati ya 4 na 8 huwa maradufu tena, na kuendelea hivyo kila namba inapovuka kipeo kipya cha 2. Ni kama futi ya fundi ambayo vistari vyake vinazidi kuachana kadiri inavyovutwa. Kwa hiyo anayeuliza namba ina usahihi gani hajibiwi kwa kutajiwa biti peke yake. Lazima ijulikane pia namba yenyewe ina ukubwa gani.

Usambara ni mahali pazuri pa kulionyesha hili, kwa sababu ardhi yake imepimwa na kuchunguzwa kwa namna nyingi. Tauni ilipozuka wilayani Lushoto mwaka 1980 na kuendelea kwa zaidi ya miaka ishirini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Ubelgiji walitumia data za mwinuko na uoto kutafuta kwa nini vijiji fulani vilipata wagonjwa na vingine vikakosa. Mmomonyoko kwenye miteremko, misitu ya Magamba na Shagayu, mipaka ya mashamba ya vijiji: yote hayo leo huingia kwenye kompyuta kama safu ndefu za namba.

Chanzo kimoja cha data za mwinuko ni kazi ya chombo cha anga Endeavour, ambacho mwezi Februari 2000 kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada. Matokeo yake hutolewa kwa miraba ya nyuzi moja kwa nyuzi moja, na kila mraba huitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi. Mraba wa S05E038 unaanzia latitudo 5 Kusini na longitudo 38 Mashariki. Ndani yake mna Lushoto, Mombo, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae, yaani karibu Usambara ya Magharibi yote. Amani, iliyo kidogo kusini ya latitudo 5, inaangukia mraba wa chini yake.

Mraba huo una mistari 3,601 yenye pikseli 3,601 kila mmoja, jumla pikseli 12,967,201, na kila pikseli ina upana wa karibu mita 31. Mwinuko umeandikwa kwa mita nzima, kwa namba kamili za baiti 2. Faili zima kwa hiyo ni megabaiti 26. Likisomwa kama namba za nukta elea za biti 32, linachukua megabaiti 52. Kwa usahihi maradufu linachukua megabaiti 104. Mlima haujaongezeka hata sentimeta moja. Kilichoongezeka ni nafasi.

Lugha ya programu ndiyo huamua mengi hapa, mara nyingi bila mwandishi wa programu kuulizwa. Katika Python, namba ya desimali ni kitu kamili chenye maelezo yake, na katika kompyuta ya biti 64 huchukua baiti 24. Ikiwekwa kwenye orodha ya kawaida, orodha huongeza baiti 8 za anwani ya kuifikia. Mraba wa Lushoto ukisomwa hivyo, kila pikseli ikiwa namba ya peke yake, hufikia megabaiti 415, mara 16 ya faili lenyewe. Ndiyo maana wanaofanya hesabu kubwa kwa Python hutumia maktaba ya NumPy, inayopanga namba zikiwa zimeshikana katika safu moja ya aina moja. R haina kabisa aina ya biti 32 kwa namba za desimali: kila desimali ni baiti 8, na namba kamili ni baiti 4. JavaScript nayo hufanya kila namba ya kawaida kuwa ya usahihi maradufu, ingawa ina safu maalumu za aina nyembamba zaidi. Katika C na Fortran mwandishi hutaja aina yeye mwenyewe, na lawama ya kukosea ni yake.

Tena hesabu huzaa safu za muda. Kutafuta mteremko wa kila pikseli kunahitaji tofauti ya mashariki na magharibi, tofauti ya kaskazini na kusini, miraba ya hizo mbili, jumla, kipeuo cha pili na pembe. Kila hatua inaweza kutengeneza safu mpya yenye ukubwa uleule, na safu tano za usahihi maradufu ni zaidi ya megabaiti 500 kwa mraba mmoja tu. Kompyuta mpakato yenye gigabaiti 4 huanza kukwama kabla data za Usambara na za Milima ya Pare hazijaunganishwa. Dawa ya kawaida ni kugawa mraba vipande, au kuandika matokeo juu ya safu iliyopo badala ya kutengeneza nyingine.

Je, mwinuko unahitaji usahihi gani? Baiti 2 za namba kamili zinatosha, kwa kuwa hubeba kuanzia −32,768 hadi 32,767, na vilele vya Usambara havizidi sana mita 2,200. Baiti 2 za nukta elea ni jambo jingine. Kati ya 1,024 na 2,048 pengo la usahihi nusu ni mita 1, kwa hiyo mji wa Lushoto, ulio karibu mita 1,400, haupati lolote lililo bora kuliko namba kamili. Juu ya 2,048 pengo ni mita 2, na vilele vya Shagayu vinapoteza usahihi ambao faili la awali lilikuwa nao. Aina hii ya namba imependwa sana katika mafunzo ya akili mnemba, lakini kwa milima haifai.

Namba kamili nazo zina hatari yake, na hatari hiyo ni ya kimyakimya. Mtu akiwa na safu ya baiti 2 akazidisha mita kwa 100 ili apate sentimeta, mita 1,400 inapaswa kuwa 140,000, ambayo haienei. NumPy haitalalamika. Itazunguka na kutoa 8,928, yaani mita 89, na Lushoto itajikuta chini ya mwinuko halisi wa Mombo. Mombo yenyewe, ikihesabiwa kwa mita 400, itakuwa hasi, kana kwamba iko chini ya bahari. Namba −32,768 pia hutumika katika data hizi kuonyesha pikseli isiyo na kipimo, na asiyeiondoa kabla ya kutafuta wastani huingiza shimo la kilomita 32 katikati ya msitu. Nukta elea ina nafuu hapa: kanuni ya 1985 iliweka thamani maalumu ya kusema kwamba hapa hapana namba, na thamani hiyo hujitokeza wazi mpaka mwisho wa hesabu.

Mita nzima zinatosha kwa mwinuko, lakini huacha alama katika mteremko. Tofauti ndogo kabisa kati ya pikseli mbili jirani ni mita 1 katika mita 31, sawa na karibu nyuzi 2. Katika mbuga ya Mkomazi, ambako ardhi ni tambarare, ramani ya mteremko hutoka na ngazi ambazo hazipo ardhini. Kwenye kuta za milima kati ya Mombo na Soni, zenye mteremko wa nyuzi 30 na zaidi, dosari hiyo haionekani. Anayechora ramani ya mmomonyoko wa Lushoto anaweza kuishi nayo. Anayechora njia za mafuriko kule bondeni hawezi.

Mwinuko ni namba ndogo. Mahali pa pointi juu ya ramani huandikwa kwa namba kubwa zaidi, na hapo ndipo biti 32 hushindwa waziwazi. Mji wa Lushoto uko karibu latitudo 4.79 Kusini na longitudo 38.29 Mashariki. Kwa biti 32, pengo la namba zilizo kati ya 4 na 8 likigeuzwa kuwa umbali wa ardhini ni sentimeta 5. Longitudo, kwa kuwa iko kati ya 32 na 64, ina pengo kubwa mara nane, nalo kwa umbali ni sentimeta 42. Pointi ileile, iliyohifadhiwa kwa aina ileile ya namba, ina usahihi wa namna moja kwenda kaskazini na wa namna nyingine kwenda mashariki.

Wapimaji wa ardhi Tanzania hawatumii nyuzi katika kazi nyingi, bali mita za makadirio ya UTM, na Lushoto imo katika ukanda wa 37 Kusini. Katika mfumo huo, nusu ya kusini ya dunia hupimwa kwa kuipa Ikweta thamani ya mita 10,000,000 kisha kupunguza kuelekea kusini, ili pasiwe na namba hasi. Lushoto inapata karibu 421,000 kwa mashariki na karibu 9,470,000 kwa kaskazini. Namba ya kwanza, kwa biti 32, ina pengo la sentimeta 3. Ya pili imevuka 8,388,608, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 23, na pengo lake ni mita 1 kamili.

Jambo hili halihusu Lushoto peke yake. Kila mahali kusini ya Ikweta mpaka karibu latitudo 14.5 pana thamani ya kaskazini iliyo juu ya 8,388,608, na Tanzania nzima imo ndani ya eneo hilo, kuanzia Ziwa Viktoria hadi Mto Ruvuma. Kijiji cha Kenya au Uganda kilicho kilomita 10 kaskazini ya Ikweta kina thamani ya 10,000 tu, na kwa biti zilezile 32 pengo lake ni milimita 1. Hivyo Mtanzania anayehifadhi pointi za UTM kwa biti 32 hukadiria kila kipimo cha kaskazini kwenye mita nzima, na programu iliyojaribiwa karibu na Ikweta upande wa kaskazini inaweza isionyeshe dalili yoyote ya ukubwa huo.

Kwa kifaa cha mkononi cha GPS, ambacho chenyewe hukosea kwa mita kadhaa, mita 1 haina uzito mkubwa. Kwa kipima cha kitaalamu kinachofikia sentimeta, ni hasara tupu. Na Usambara si nchi ya mashamba mapana. Mashamba ya Washambaa kwenye matuta ni madogo, yamegawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi, na mpaka wa mita moja una wenyewe wanaoujua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu mwanakijiji kupewa Hati ya Haki Miliki ya Kimila. Hati ya namna hiyo haistahili kubeba mpaka uliosogezwa na aina ya namba.

Eneo la shamba huharibika zaidi kuliko mpaka wake. Njia ya kawaida ya kupata eneo kutokana na kona za shamba ni kuzidisha thamani ya mashariki ya kona moja kwa ya kaskazini ya kona inayofuata, kutoa zao la kinyume chake, kujumlisha mpaka kuzunguka shamba lote, kisha kugawa kwa 2. Kwa Lushoto kila zao ni karibu trilioni 4. Katika namba ya ukubwa huo pengo la biti 32 ni mita za mraba 262,144. Baada ya kugawa kwa 2, eneo lolote litakalotoka litakuwa kigawe cha mita za mraba 131,072, sawa na ekari 32. Shamba la nusu ekari litasomeka sifuri, au ekari 32, au zaidi. Kwa usahihi maradufu pengo la zao hilohilo ni sentimeta 5 za mraba, na tatizo limekwisha.

Kuna njia nyingine isiyoongeza hata baiti moja ya hifadhi. Kabla ya kuzidisha, na kabla pointi hazijabanwa kwenye biti 32, thamani za kona moja ya shamba hutolewa kwenye kona zote. Kila namba inabaki kuwa umbali wa makumi ya mita kutoka kona hiyo, na biti 32 huwa na usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. Uchaguzi wa mahali pa kuanzia kupima una nguvu kuliko wengi wanavyodhani, na inasikitisha kuona vitabu vingi vya programu vikiupita bila kuutaja.

Kujumlisha namba nyingi ni mtego wa aina hiyohiyo. Wastani wa mwinuko wa mraba S05E038 unahitaji jumla ya pikseli milioni 13. Hata wastani ungekuwa mita 400 tu, jumla ingepita bilioni 5. Jumla ya biti 32 ikishavuka 4,294,967,296, pengo lake ni mita 512. Kuanzia hapo, pikseli yenye mita 250 haiongezi chochote. Ya mita 400 huhesabiwa kama 512, na ya mita 1,400 huhesabiwa kama 1,536. Kila namba ni sahihi inapoingia. Jumla ndiyo isiyoweza kuipokea. Mwaka 1965 Kahan alitoa njia ya kuhifadhi kando kile kinachokatwa na kukirudisha katika hatua inayofuata. NumPy kwa kawaida hujumlisha kwa kugawa safu vipande na kuunganisha majibu yake, na hilo hupunguza kosa sana, ingawa si kwa kila mpangilio wa safu. R hujumlisha kwa namba pana zaidi ya biti 64 pale kichakataji kinapoiruhusu. Mwandishi wa C anayeandika kitanzi chake cha kawaida hana kinga yoyote ila aliyojiwekea.

Si kila kosa linastahili hofu. Kipima mvua cha kopo linalopinduka huandika milimita 0.2 kila linapopinduka, na 0.2 haiandikiki kikamilifu kwa 0 na 1. Mvua ya milimita 1,000, ambayo ni mipinduko 5,000, ikijumlishwa moja moja kwa biti 32 hukosea kwa karibu milimita 0.04. Upepo mmoja juu ya mdomo wa kipima huharibu zaidi ya hapo. Hata hivyo kuhifadhi idadi ya mipinduko kama namba kamili, na kuizidisha kwa 0.2 mara moja mwishoni, ni rahisi zaidi na hakuna kosa la kujadili. Picha za satelaiti za Landsat hufuata busara hiyo: mwangaza wa ardhi huhifadhiwa kwa namba kamili za baiti 2, na mtumiaji huzidisha kwa 0.0000275 kisha kutoa 0.2.

Upande wa pili, biti nyingi haziongezi ukweli. Mimea iliyokusanywa Usambara zamani, kama Saintpaulia ambayo Walter von Saint Paul-Illaire aliipeleka Ulaya mwaka 1892, mara nyingi ina jina la mahali tu. Sampuli ya namna hiyo inapopewa latitudo yenye desimali nane, tarakimu sita za mwisho ni pambo. Vilevile pointi iliyopimwa kwa msingi wa zamani wa Arc 1960, ikisomwa kana kwamba ni ya msingi wa WGS 84, husogea karibu mita 300, na usahihi maradufu utahifadhi kosa hilo kwa uaminifu mkubwa.

Fedha zina hukumu yake. Kwa nukta elea ya biti 32, namba kamili ni salama hadi 16,777,216. Shilingi 16,777,217 haiandikiki. SACCOS ya wakulima wa mboga hupita kiwango hicho bila shida. Namba kamili za baiti 4 nazo huishia Shilingi bilioni 2.1. Zinazofaa ni namba kamili za baiti 8.

Kwa kazi za ramani, kanuni inayostahili kufuatwa ni kuhifadhi kwa aina nyembamba pale kipimo kinaporuhusu, na kuhesabu kwa aina pana. Mwinuko ukae katika baiti 2 za namba kamili. Pointi za UTM zikae katika baiti 8, au zipunguzwe kwanza kutoka mahali pa kuanzia palipoandikwa. Jumla na mazao yafanywe kwa usahihi maradufu. Anayempa mwenzake faili la mipaka ya vijiji aandike pamoja nalo aina ya namba, msingi wa upimaji na ukanda, kwa sababu faili la biti 32 likigeuzwa baadaye kuwa la biti 64 huongezeka ukubwa tu. Sentimeta zilikatwa siku ya kuhifadhi, na kama kipimo cha awali hakikutunzwa, hazipatikani tena ila kwa kurudi shambani na kupima upya.